Sauti Safi: Maisha ya Edwin Armstrong

Bila shaka umewahi kusikiliza redio ndogo ambayo betri zake zimekaribia kwisha. Ukiifungulia kidogo, unamsikia msomaji wa habari vizuri. Ukiongeza sauti, maneno yanaanza kupasuka, na ngoma zinasikika kama debe bovu linalopigwa kwa fimbo. Msomaji wa habari hakubadili sauti yake, wala kituo cha redio hakikuharibika. Chombo kilichomo ndani ya redio yako, ambacho kazi yake ni kukuza sauti, kimetakiwa kufanya kazi kubwa kuliko nguvu ambazo betri zile zinaweza kutoa.

Chombo hicho huitwa kikuzaji. Kikuzaji hupokea wimbi dogo la umeme na kutoa wimbi kubwa lenye umbo lile lile. Yaangalie vema maneno hayo: umbo lile lile. Kulikuza wimbi si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kulikuza bila kuliharibu. Wimbi likitoka kubwa lakini limebadilika umbo, tunasema kwamba limepotoka, na sikio lako hulitambua mara moja, kwa maana sauti hukwaruza.

Katika sura hii utasoma habari za Edwin Armstrong, Mmarekani aliyetumia karibu maisha yake yote kupigana na mambo mawili: udhaifu wa sauti ya redio na ukwaruzaji wake. Alianza akiwa kijana wa shule tu, mwenye nyaya na betri chumbani kwake.

Kijana aliyependa kupanda juu

Edwin Howard Armstrong alizaliwa tarehe 18 Desemba, 1890, katika jiji la New York. Baba yake alifanya kazi katika kampuni ya kuchapisha vitabu, na mama yake alikuwa amepata kuwa mwalimu. Alipokuwa mtoto aliugua ugonjwa uliomfanya atikisike viungo bila kutaka, hata ikabidi akae nyumbani muda mrefu bila kwenda shule. Ugonjwa ulipoondoka ulimwachia mtikisiko wa bega na shingo, nao haukumwacha tena maisha yake yote. Alizoea kukaa peke yake, akifungua na kufunga vyombo vidogo vidogo.

Mwaka 1902 jamaa yake ilihamia mji wa Yonkers, katika nyumba iliyoutazama mto mkubwa uitwao Hudson. Wakati huo dunia nzima ilikuwa ikizungumza juu ya Marconi, mtu wa Italia ambaye mwezi Desemba 1901 alitangaza kwamba ishara yake imevuka Bahari ya Atlantiki pasipo waya. Armstrong alisoma habari hizo katika vitabu vya wavumbuzi, naye akakata shauri kuwa mmoja wao.

Siku zile hapakuwa na vituo vya kutangaza muziki wala habari. Ishara za redio zilikuwa ni milio mifupi na mirefu tu, na kila herufi ilikuwa na milio yake. Walikuwako vijana wengi waliojitengenezea mitambo nyumbani kwao ili wazungumziane kwa milio hiyo. Watu kama hao huitwa watu wa redio ya ridhaa, kwa sababu hufanya kazi hiyo kwa kuipenda, si kwa mshahara. Armstrong alikuwa mmoja wa vijana hao, tena mwenye bidii kupita kiasi. Mwaka 1910 alisimamisha mlingoti wenye urefu wa meta 38 hivi karibu na nyumba yao, akaukamilisha kwa kuvutwa juu kwa kamba akiwa ameketi juu ya kibao. Majirani walitazama kwa hofu. Yeye hakuogopa kwenda juu hata kidogo, na tabia hiyo ilidumu hadi utu uzima wake.

Mlingoti huo ulikusanya ishara kutoka mbali, lakini ishara zilifika zikiwa dhaifu mno. Msikilizaji alipaswa kuvaa visikilizio masikioni, kufunga mlango na kuzuia pumzi. Haja yake kubwa ilikuwa kikuzaji.

Valvu

Mwaka 1906 Mmarekani mwingine, jina lake Lee de Forest, alikuwa ametengeneza valvu yenye sehemu tatu. Usiichanganye na valvu ya mpira wa baiskeli. Valvu ya redio ilikuwa chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, na ndani yake mlikuwa na waya mwembamba uliowaka kama waya wa taa, bamba la chuma, na katikati yao wavu. Waya uliowaka ulitoa chembe ndogo sana za umeme ziitwazo elektroni, nazo zilirukia kwenye bamba kwa kupita katika wavu. Ukiutia wavu umeme kidogo tu, waweza kuzuia au kuruhusu mto mkubwa wa elektroni, kama vile mkono mdogo wa mtoto unavyoweza kufungua na kufunga bomba kubwa la maji.

Lakini maji hayawezi kutoka katika bomba ikiwa tangi ni tupu. Vivyo hivyo valvu haitengenezi nguvu. Ilihitaji betri mbili: moja ya volti chache ili kuuwasha waya, na nyingine ya volti nyingi ili kuzivuta elektroni zifike kwenye bamba. Nguvu yote ya wimbi kubwa linalotoka hutoka katika betri ile ya pili. Wimbi dogo linaloingia hutoa amri tu. Hata redio ya leo, ambayo haina valvu, hufuata kanuni hiyo hiyo.

Siku zile watu wachache sana walielewa valvu inafanyaje kazi, na de Forest mwenyewe hakuweza kueleza vizuri. Armstrong, aliyekuwa sasa mwanafunzi wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Columbia, aliipima kwa uangalifu hadi akaielewa. Alikwenda chuoni kila siku kwa pikipiki nyekundu, na usiku alirudi chumbani kwake kuendelea na majaribio.

Usiku mmoja mwaka 1912

Aligundua jambo hili. Wimbi linalotoka kwenye bamba ni kubwa kuliko lile lililoingia kwenye wavu. Je, itakuwaje ikiwa sehemu ya wimbi hilo kubwa itarudishwa kwenye wavu, ikuzwe tena, irudishwe tena, na kukuzwa tena? Alipounganisha nyaya namna hiyo, mwaka 1912, ishara zilizokuwa zikisikika kwa shida zilijaa chumbani hata akaweza kuzisikia bila kuvaa visikilizio. Valvu moja sasa ilifanya kazi ya valvu nyingi.

Lakini jambo hilo lilikuwa na mpaka wake. Labda umehudhuria mkutano ambapo kipaza sauti kiliwekwa karibu mno na spika, ghafla pakatokea mlio mkali wa kuumiza masikio. Sauti ya spika iliingia katika kipaza sauti, ikakuzwa, ikarudi katika spika, ikaingia tena, na kadhalika pasipo mwisho. Ndivyo ilivyotokea katika valvu ya Armstrong. Aliporudisha wimbi kidogo, alipata sauti kubwa. Alipokaribia mpaka, sauti ilianza kupotoka. Alipovuka mpaka, valvu ilianza kulia yenyewe. Mtu mwingine angelaani mlio huo na kuzima mtambo. Armstrong aliuchunguza akaona kwamba valvu inayolia yenyewe inazalisha mawimbi ya redio, basi chombo kile kile kilichofaa kupokelea kingeweza pia kurushia. Ugunduzi huo ulikuwa na maana kubwa sana, kwa sababu mawimbi hayo yalikuwa mororo na yaliweza kubeba sauti ya mtu.

Ili mtu alinde uvumbuzi wake, huomba hataza, yaani hati ya serikali inayosema kwamba uvumbuzi huu ni wa fulani. Baba yake alikataa kumpa fedha za kuombea hataza mpaka amalize masomo. Basi alichora mchoro wa mtambo wake, na tarehe 31 Januari, 1913, akautia sahihi mbele ya ofisa wa kushuhudia hati. Hataza yenyewe aliipata mwezi Oktoba 1914. Kumbuka ucheleweshaji huo, maana baadaye ulimgharimu sana.

Mlango mfupi

Sasa tutazame kwa nini kikuzaji hupotosha wimbi. Katika shule za sekondari jambo hili huwatoa jasho wanafunzi wakubwa, lakini wewe utalielewa ukifikiri juu ya mlango.

Fikiri kwamba watu wanaingia katika chumba kwa mlango mmoja, wengine warefu, wengine wafupi. Mlango ukiwa mrefu, wote hupita wima, na aliye ndani anaweza kusema ni nani mrefu na ni nani mfupi. Mlango ukiwa mfupi, wafupi hupita wima lakini warefu huinama, na wote huonekana wana kimo kimoja. Aliye ndani amedanganyika. Katika kikuzaji, watu ni mawimbi, na kimo cha mlango ni volti za betri au za mtambo wowote unaokilisha kikuzaji umeme. Wimbi haliwezi kutoka likiwa refu kuliko volti zinavyoruhusu. Likijaribu kuzidi, kichwa chake hukatwa. Kichwa kilichokatwa ndicho mkwaruzo unaousikia.

Kuna ubaya wa pili. Kikuzaji kinapotoa sauti kubwa hunywa umeme mwingi kwa ghafla, na betri dhaifu hulegea, yaani volti zake hushuka wakati zile zile zinapohitajiwa zaidi. Mlango unashuka mtu mrefu anapokaribia! Ndiyo maana redio yenye betri kuukuu husema vizuri kwa sauti ndogo na kukwaruza kwa sauti kubwa.

Ubaya wa tatu hutokea kikuzaji kinapolishwa kwa umeme wa mjini badala ya betri. Umeme huo hubadili mwelekeo wake mara nyingi kila sekunde, kwa hiyo lazima kwanza unyoshwe uende upande mmoja, kisha utulizwe. Usipotulizwa, mlango hupanda na kushuka bila kukoma, na mvumo mzito husikika chini ya kila neno. Chombo cha kuutuliza huitwa kapasita. Hufanya kazi kama tangi la maji juu ya paa: hujaa maji yanapokuja kwa wingi, na hutoa maji yanapopungua, hata mtu aliye bombani asijue kwamba maji huja kwa vipindi. Kapasita kubwa huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kwa hiyo usifungue kamwe redio au kikuzaji kinachotumia umeme wa ukutani.

Watu wa redio ya ridhaa walijifunza mambo haya kwa mikono yao. Wengi walianza kwa kununua valvu kubwa, wakidhani nguvu imo ndani yake. Baadaye waliona kwamba uzuri wa mtambo unaanzia nyuma, kwenye betri, jenereta na kapasita.

Ng'ambo ya bahari

Vita Vikuu vya Kwanza vilipowafikia Wamarekani, Armstrong alikwenda Ufaransa akiwa ofisa wa jeshi. Mjini Paris, mwaka 1918, alibuni njia nyingine ya kukuza ishara dhaifu. Valvu za siku zile zilishindwa kukuza vizuri mawimbi yanayokwenda mbio sana. Armstrong alibuni mtambo uliolichanganya wimbi la mbio na wimbi jingine lililozalishwa ndani ya redio, likapatikana wimbi la polepole lenye ujumbe ule ule. Hilo la polepole lilikuzwa bila taabu. Redio nyingi zilizotengenezwa tangu wakati huo zimetumia njia hiyo.

Mwezi Desemba 1921 watu wa redio ya ridhaa wa Marekani walitaka kuonyesha kwamba mitambo yao midogo inaweza kusikika Ulaya. Jaribio la kwanza, mapema mwaka huo, lilikuwa limeshindwa. Safari hii walimtuma mwenzao, Paul Godley, hadi Ardrossan katika pwani ya Scotland. Alipiga hema katika shamba lenye tope, mvua ikinyesha na baridi ikiuma, akatandaza waya mrefu na kufunga mtambo wa kupokea wa namna aliyoivumbua Armstrong. Upande wa Marekani, Armstrong na rafiki zake wa chama cha redio walijenga kituo kilichoitwa 1BCG katika mji wa Greenwich. Valvu moja ilizalisha wimbi, na valvu nyingine zilizofuata zililikuza. Umeme wa valvu hizo ulitoka kwa jenereta ya pekee iliyotoa zaidi ya volti 1000. Nguvu yote iliyoingia katika mtambo haikuzidi kilowati moja, yaani kiasi kinacholiwa na pasi moja ya umeme.

Usiku wa tarehe 11 Desemba, Godley alipokea kutoka 1BCG ujumbe kamili, neno kwa neno, kutoka umbali wa kilometa 5,000 hivi. Kwa vijana waliokuwa wakidharauliwa na makampuni makubwa, ule ulikuwa ushindi.

Mwaka 1923 Armstrong alimwoa Marion MacInnis, aliyekuwa karani katika kampuni kubwa ya redio iitwayo RCA. Kampuni hiyo ilinunua baadhi ya hataza zake, naye akawa tajiri.

Ujumbe uhamishwe

Utajiri haukumtuliza. Kulikuwa na adui aliyekuwa hajashindwa. Ukisikiliza redio ya masafa ya kati au mafupi siku ya mvua yenye radi, husikia mipasuko mingi. Radi nayo hutoa mawimbi ya redio, nayo huongeza kimo cha wimbi la kituo unachokisikiliza. Injini na nyaya za umeme hufanya vivyo hivyo. Kikuzaji hakina akili ya kutenga. Hukuza muziki na hukuza kelele pamoja.

Wahandisi wengi walijaribu kuipunguza kelele hiyo kwa kuongeza nguvu za vituo na kuboresha vikuzaji. Armstrong naye alijaribu miaka mingi akashindwa. Hatimaye aliliangalia jambo lenyewe upya. Sauti katika redio za wakati ule iliandikwa katika kimo cha wimbi: sauti kubwa, wimbi refu, sauti ndogo, wimbi fupi. Na kelele ya radi hukaa katika kimo hicho hicho. Basi ujumbe uondolewe hapo, uwekwe mahali pengine.

Ili uelewe, fanya jaribio hili pamoja na wenzako wawili. Chukueni kamba ndefu. Mmoja aishike ncha imara, nawe utikise ncha ya pili juu na chini. Ukiupeleka mkono wako juu zaidi, mawimbi huwa marefu zaidi. Sasa usibadili kimo, bali tikisa upesi, kisha polepole. Mawimbi huwa mengi, kisha machache. Mwenzenu wa tatu aipige kamba katikati kwa fimbo. Kimo cha mawimbi kitavurugika, lakini mwenye kushika ncha bado ataweza kutambua kama mkono wako unakwenda upesi au polepole.

Ndivyo alivyofanya Armstrong. Aliacha kimo cha wimbi kisibadilike, akaiandika sauti katika idadi ya mawimbi yanayopita kila sekunde. Njia hii ndiyo inayoitwa FM. Urudie mlango wetu mfupi. Ikiwa ujumbe umo katika vimo vya watu, mlango mfupi unauharibu. Lakini ikiwa ujumbe umo katika idadi ya watu wanaopita kwa dakika, mlango mfupi haudhuru kitu. Nao wainame, hesabu ni ile ile. Kwa hiyo redio ya FM hukata vichwa vya mawimbi kwa makusudi, ili kelele iliyokaa juu yake ianguke pamoja navyo. Kile kilichokuwa kosa la kikuzaji kimekuwa dawa! Katika uvumbuzi wake wote, huu ndio uliokuwa mkubwa kuliko mingine.

Wengine walikuwa wamewaza juu ya FM kabla yake. Mtaalamu mmoja mashuhuri alikuwa ameonyesha kwa hesabu, mwaka 1922, kwamba haina faida yoyote. Hesabu zake zilikuwa sahihi, lakini zilihusu FM inayobadili idadi ya mawimbi kidogo tu. Armstrong aliibadili kwa kiasi kikubwa, jambo ambalo hakuna aliyelifikiria kuwa na maana.

Alipata hataza za FM mwezi Desemba 1933. Mwaka 1934 RCA ilimruhusu kufanya majaribio juu ya jengo la Empire State, lililokuwa refu kuliko yote duniani. Sauti ilipokewa vizuri zaidi ya kilometa 100 kutoka hapo. Tarehe 5 Novemba, 1935, alisimama mbele ya wahandisi mjini New York, akafungua redio yake. Wimbi lilitoka Yonkers, katika kituo cha ridhaa cha rafiki yake. Wasikilizaji walisikia maji yakimiminwa katika bilauri na karatasi ikikunjwa, dhahiri kama vile mambo hayo yanatendeka mle chumbani. Hakuna redio iliyokuwa imepata kutoa sauti hizo ndogo bila kuzipotosha.

Kesi

Hapa habari inageuka kuwa ya huzuni. Lee de Forest alikuwa amedai kwamba yeye ndiye aliyetangulia kurudisha wimbi kwenye wavu wa valvu. Kesi iliendelea miaka mingi, na mwaka 1934 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilimpa de Forest ushindi. Wahandisi wengi waliona kwamba mahakimu hawakuielewa valvu. Chama chao kilikuwa kimempa Armstrong nishani kwa uvumbuzi huo. Alipokwenda mkutanoni kuirudisha, chama kilikataa kuipokea, na watu wote walisimama wakampigia makofi.

FM nayo ilipata upinzani. Mwaka 1935 RCA ilimtaka aondoe mitambo yake juu ya jengo la Empire State, kwani ilipahitaji mahali pale kwa majaribio ya televisheni. Armstrong alitumia fedha zake mwenyewe kujenga kituo katika kijiji cha Alpine, ng'ambo ya mto Hudson. Mlingoti wake una urefu wa meta zaidi ya 120 na mikono mitatu mikubwa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliliruhusu jeshi la nchi yake litumie hataza za FM bila malipo. Lakini mwaka 1945 serikali iliamua kuihamisha FM kwenye masafa mengine, na redio za FM zilizokwisha kununuliwa zikawa hazifai tena. Makampuni mengi yalitengeneza redio za FM pasipo kumlipa. Mwaka 1948 aliishtaki RCA.

Mawakili wa kampuni walimhoji kwa miezi mingi. Fedha zake zilikaribia kwisha, afya yake ikadhoofika, na mkewe akaenda kukaa kwa dada yake. Usiku wa tarehe 31 Januari, 1954, akiwa na umri wa miaka 63, Armstrong alijitoa uhai nyumbani kwake New York. Ni habari nzito kuiweka katika kitabu cha shule, lakini kuificha kungekuwa kumnyima heshima yake.

Marion hakuziacha kesi. RCA ilikubali kulipa mwaka ule ule wa 1954. Makampuni mengine aliyaandama moja moja, na la mwisho lilishindwa mwaka 1967. Mahakama zilithibitisha kwamba FM ni kazi ya mumewe.

Babu na bibi zako, katika miaka ya 1970 na 1980, walisikiliza zaidi redio za masafa ya kati na mafupi, nao wanaijua mipasuko ya radi. Leo ukitafuta kituo kati ya namba 88 na 108 unasikiliza FM. Mawimbi yake hayaendi mbali sana kama yale ya masafa mafupi. Huenda karibu moja kwa moja, na kwa hiyo milingoti yake hujengwa juu ya vilima na majengo marefu.

Mlingoti wa Alpine haukubomolewa. Tarehe 11 Septemba, 2001, majengo mawili marefu ya New York yaliposhambuliwa na kuanguka, baadhi ya vituo vya televisheni vilipoteza mitambo iliyokuwa juu ya jengo mojawapo. Vilikwenda kuomba nafasi katika mlingoti wa Armstrong, na kwa muda matangazo yao yalirushwa kutoka huko.

Maswali

1. Nguvu ya wimbi kubwa linalotoka katika kikuzaji hutoka wapi?

2. Redio ya Juma hukwaruza kwa sauti kubwa tu. Redio ya Asha, inayotumia umeme wa ukutani, huvuma wakati wote, hata sauti ikiwa ndogo. Eleza ubovu wa kila moja.

3. Kwa nini kukata vichwa vya mawimbi hakuharibu sauti katika FM? Tumia mfano wako mwenyewe, si ule wa mlango.